Karakana ya Nazareti

Kinda aliikwangua ile alama ya zambarau kwenye picha yake kwa ukucha, lakini rangi ilikuwa imekauka tangu juzi na haikubanduka hata kidogo. Nje, wazazi walikuwa wameanza kuingia getini kuja kuona maonyesho.

"We Kinda! Unaharibu nini hapo?" Mwalimu wa sanaa alikuwa nyuma yake.

"Naomba tuitoe, mwalimu. Wazazi wangu wakiiona, leo nyumbani hapatakalika."

Mwalimu akacheka. Muhula mzima alikuwa amewaonyesha wanafunzi kazi za vijana fulani wa Ulaya ya zamani, waliochora watakatifu kwa sura za ndugu na jirani zao, kila kovu likiwa mahali pake.

"Nilisema mchore mnachokiona, na wewe peke yako ndiye uliyenisikia. Wenzako wamemchora Maria kama anapigwa picha ya pasipoti. Hiyo haitoki ukutani."

Ni kweli, alikuwa amechora alichokiona. Baba yake, fundi seremala, alikuwa Yusufu, ameinamia randa. Mama yake alikuwa Maria, amesimama mlangoni. Mdogo wake alikuwa Yesu, ananyonya kidole. Alama ilimponyoka tu kwenye brashi, juu ya mkono, chini kidogo ya bega, mahali ambapo nguo huficha. Alipoiona, picha ilikuwa imeshatundikwa.

Sasa sauti ya baba yake ilisikika koridoni, akitaniana na mlinzi kama kawaida yake. Viatu vya mama vilimfuata, ko, ko, ko. Hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe. Yeye hakuwahi kuguswa hata siku moja. Alisimama mbele ya picha, mgongo ukutani, akaomba kimyakimya umeme ukatike.

"Sogea basi tuone, msanii," baba alisema. Mwalimu akamvuta Kinda pembeni.

Baba aliitazama picha, na kicheko kikamkauka mdomoni. Mama aliitazama kwa utulivu. Alimpongeza mwalimu, akampapasa Kinda kichwani, kisha akasogea hadi sikioni mwa mumewe.

"Tukifika nyumbani," alinong'ona, "utaniambia mtoto aliuona lini mkono wako."

"Nisamehe, mama watoto," fundi alisema, akirudi nyuma.