Kipimo cha Nyumba ya Madame Joséphine

Madame Joséphine alikuwa amefungua madirisha yote tangu asubuhi, maana kwake mgeni hapokewi katika nyumba yenye fukuto. Zéphirin, fundi wa maabara aliyekuja kupima hewa, alikuwa amemwomba ayafunge ili hewa ya ndani isichanganyike na ya nje. Aliyaona yalivyo wazi, akaweka pampu yake katikati ya sebule.

Ilikuwa mwaka 1992, na Lubumbashi ilikuwa ikichemka. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasaï, hata waliozaliwa hapahapa, walikuwa wakifukuzwa na kuchomewa nyumba. Joséphine alikuwa mmoja wao, lakini alikataa katakata kuondoka. Nusu ya mtaa wa Kamalondo alikuwa ameifundisha kusoma, nani angemgusa?

Zéphirin alimweleza kwamba ardhi ya nchi hii ya migodi hutoa radoni, gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo huacha hewani vumbi lisiloonekana. Pampu huvuta hewa, vumbi hunasa kwenye karatasi, mashine huhesabu. Hata likiwa kidogo, alisema, huja kudai mapafu ya mtu baadaye.

Wakangoja nusu saa. Joséphine alimpa chai, akamuuliza habari za Gradi, mwana wa Zéphirin, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha tangu darasa la kwanza.

"Iko muzima," Zéphirin alijibu, akaweka kikombe chini kabla hajanywa.

Aliweka karatasi chini ya mashine, akaandika namba, akafunga daftari haraka.

"Madame, mutoke leo. Hewa ya hii nyumba iko mubaya."

Mama huyu alikuwa amembishia padri, akawabishia majirani, lakini kubishana na mashine hakuweza. Ukaidi wote ukamwisha. Alifunga sanduku moja, na mlangoni akamshika Zéphirin mikono yote miwili, akimshukuru.

"Nitarudia siku gani, Baba Gradi?"

"Sijue, Madame."

Hakuthubutu kumtazama usoni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Joséphine alipopotea kwenye njia ya stesheni, Zéphirin alifungua daftari. Namba ilikuwa ndogo kabisa, sawa na ya hewa ya barabarani. Akachomoa mfukoni orodha aliyoikuta asubuhi hiyo chini ya godoro la mwanawe: nyumba za kuchomwa Jumapili. Ya kwanza ilikuwa hii, na mwandiko ulikuwa wa Gradi.