Pistoni Kwenye Ndevu

Pistoni ilimponyoka Mkerezaji, ikapotelea ndani ya ndevu zake.

"Usipumue," alisema shemeji yake, Fundi Saa, akaanza kuzichambua ndevu kwa vidole kama anayetafuta chawa.

Ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi, pistoni ya gari lisilozidi urefu wa kiatu. Wazee hawa wawili walikuwa wagonjwa wa magari hayo: pua ndefu, tairi nene nyuma, mstari mmoja ulionyooka, anayefika kwanza ndiye anayecheka. Kila chuma cha ndani walikitengeneza wenyewe kwa mashine ya kukereza ya Mkerezaji, aliyotoka nayo kiwandani siku wakubwa walipokifunga wakaenda kufungua hoteli.

Pistoni iling'aa waziwazi chini ya mdomo, lakini Fundi Saa alipapasa kidevu kizima ndipo akaipata. Akasingizia mwanga. Mkerezaji hakumbishia. Daktari alishasema kuhusu macho yale: yataona msimu huu, wa mwakani labda, basi.

Na msimu huu kulikuwa na safari. Mashindano makubwa yalikuwa nchi ya mbali, kwenye uwanja ambao wote wawili waliujua kwa picha tu. Tiketi za chama chao cha mbio zilikuwa nyingi, lakini zilipopita mezani kwa Mwenyekiti zikayeyuka kama sabuni majini. Wa kwenda wakawa yeye, mkewe na wakwe zake, watu wasiotofautisha tupa na kijiko. Kwa wanaotengeneza magari ikabaki moja. Basi mashemeji washindane Jumamosi, mshindi apande ndege.

Mkerezaji aliitaka safari ile kuliko chakula. Marehemu mkewe, dada yake Fundi Saa, alikuwa akimtania kwamba siku atakapouona uwanja ule atasahau njia ya kurudi. Tangu amzike, hakuwahi kuvuka stendi ya mabasi. Picha ya uwanja aliibandika mkabala na kitanda, na asubuhi aliiamkia hiyo kabla ya kumwamkia mtu.

"Shemeji, anza kukunja mashati yangu," alimwambia Fundi Saa. "Mimi ndiye msafiri."

"Wewe? Gari lako likifika, langu litakuwa limeshaoga na kulala. Sijui dada yangu alikupendea nini."

"Alikuwa anakimbia kukoroma kwako."

Walicheka, lakini tangu siku hiyo kila mmoja alifunga mlango wake. Hilo lilikuwa jipya, maana miaka yote meza yao ilikuwa moja. Fundi Saa alikuja kuazima koleo ndogo, akaipokea dirishani, akaondoka mbio kama kibaka. Mkerezaji naye akipita kwa shemeji yake alisikia mluzi tu na chuma kikigongwa, akaenda zake akitikisa kichwa.

Ijumaa mchana Mkerezaji aliitoa pete ya pistoni, kikuku chembamba kinachoikumbatia ili nguvu ya mlipuko isivuje. Akaipitisha kwenye msasa. Akaitazama dirishani, akairudisha kwenye msasa. Alipoirudisha injini mahali pake alicheka peke yake hadi chai ikampalia.

Jumamosi Mwenyekiti alihutubia kuhusu umoja, huku mtu mwingine akimshikia mwavuli. Watu waliishia kuhesabu vifungo vya koti lake. Hatimaye magari yakawekwa mstarini na taa ya kijani ikawaka.

Magari ya aina ile huondoka kama risasi, ukipepesa jicho umeyakosa. Haya mawili yalikohoa, yakajivuta, yakakohoa tena. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama ni mbio au ni mazishi, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Fundi Saa alitembea pembeni mwa gari lake, mikono nyuma kama mkaguzi. Mkerezaji alimwaga jasho, macho yakimtoka. Gari lake lilikuwa mbele kwa pua, kisha kwa tairi, kisha likavuka mwisho likitetemeka. La Fundi Saa lilizima kabla ya kufika.

Fundi Saa alimrukia shemeji yake na kumkumbatia kwa nguvu, magoti mabovu na yote. Alipiga kelele kuliko washangiliaji wote. Mwenyekiti akanyoosha mkono wa pongezi, Mkerezaji akauacha ukining'inia.

"Kanuni inasema baada ya mbio injini zifunguliwe," alimwambia mwamuzi. "Fungua yangu."

Fundi Saa alisema hayo ni mambo ya kupotezeana muda, mtu ameshinda, twendeni tukale. Lakini mwamuzi alishashika bisibisi. Pete ikatolewa, ikawekwa juu ya kitambaa cheupe, nyembamba kama unywele, imekwanguliwa pande zote. Mkerezaji mwenyewe ndiye aliyeonyesha kwa kidole palipopita msasa.

"Nimeiharibu makusudi. Anayelipunguza nguvu gari lake anatolewa, si ndivyo mlivyoandika? Nitoeni. Safari ni ya shemeji, aende akaone angali anaona."

Mwamuzi alikuna kichwa, akasema kanuni ni kanuni, mshindi ni Fundi Saa, ila na yake lazima ifunguliwe.

Fundi Saa alikuwa ameshalifunika gari lake kwa kofia na kulikumbatia kifuani.

"Hii iacheni," alisema. "Ina moto."

Mwamuzi alilichukua taratibu, akafungua. Ndani ya silinda, pistoni ilikuwa inacheza huku na huku. Pete haikuwekwa kabisa.