Shujaa Hapandi Kabati

Insha ilirudi na alama mbili kati ya ishirini, na chini yake wino mwekundu: "Uongo mtupu. Shujaa hapandi kabati." Mwandiko huo wa mwalimu ulikuwa umepinda kama wa mtoto wa chekechea.

Binti wa watu aliisoma alama hiyo mara mbili. Alishafeli hesabu, akafeli sayansi. Akifeli na hii, anarudia darasa na wenzake wanasonga mbele.

Lakini angesoma saa ngapi? Kila akitoka shule alivaa barakoa, mbio mpaka mjini kumsaidia Kimbunga, shujaa anayeruka juu ya mapaa na ambaye kila mtu anamwimba. Hata mama yake hakujua. Wao wenyewe walikuwa na sharti moja: hakuna kuvua barakoa, hakuna kuulizana majina. Kimbunga alijitia sauti nzito ya kutisha, na salamu yake ilikuwa ileile: "Umechelewa tena, msaidizi!"

Majambazi nao hawaishi. Usingizi akawa anaumalizia darasani.

Basi mtihani ulipouliza, "Eleza tukio moja la kishujaa," hakuwa na nguvu za kubuni. Akaandika alichokiona juzi yake: Kimbunga kawaangusha majambazi katika duka la vitambaa, mara akatokea paka, na shujaa wetu huyo akapanda juu ya kabati akipiga mayowe. Kusema kweli paka walikuwa wawili, na Kimbunga aliporomoka akaangukia mkono. Hayo aliyaacha. Bosi ni bosi, lazima umsitiri kidogo.

Siku hiyohiyo insha iliporudi, mama yake akaitwa shuleni. Mwalimu wa lugha, mama mmoja mkavu mwenye miwani ambaye wanafunzi walimwita Wino Mwekundu, aliwapokea katika chumba cha walimu, mkono mmoja kauficha ndani ya mtandio.

"Mwanao analala darasani, mama. Akiamka anaandika vituko."

"Jamani, mwalimu, nyumbani kwetu hatuna waongo."

"Na huyu je?"

Mama alimgeukia bintiye, machozi yanamlengalenga. "Mwanangu, omba radhi. Sema ulitunga, yaishe."

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, na labda angehurumiwa. Lakini alitikisa kichwa.

"Sikutunga, mama. Kimbunga anaogopa paka." Akamgeukia mwalimu. "Anaogopa, na bado kila siku anatoka. Mimi namheshimu zaidi kwa hilo."

Wino Mwekundu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akafuta ile mbili, na taratibu akaandika kumi na mbili.

"Kafaulu. Nenda kazini, mama, tumemaliza."

Mama alishukuru mpaka mlangoni. Binti alibaki anaikodolea macho karatasi, haamini.

"Asante, mwalimu."

"Usinishukuru. Ungepata zaidi, ila hukueleza yote."

"Yapi hayo, mwalimu?"

Wino Mwekundu aliinuka, akafunga mlango vizuri, akarudi kukaa.

"Paka walikuwa wawili, msaidizi."