Saa Nne Ndani ya Sanduku

"Asizime mtu!" Fundi aliruka benchi mbili, akaikumbatia mashine ya kupimia muda. "Ikizimwa, ushahidi umekwenda na maji!"

Mlinzi wa uwanja akaondoa mkono kwenye swichi. "Haya bwana. Lakini saa kumi nafunga."

Fainali ya wasichana ilikuwa imekwisha nusu saa nyuma. Wawili, wa njia ya pili na wa njia ya nne, walifika bega kwa bega, mashine ikampa ushindi yule wa njia ya nne kwa sehemu tatu za elfu ya sekunde. Mshindi peke yake ndiye anayeingia timu ya taifa.

"Kasoro ni nini?" mwamuzi akauliza.

"Saa nne."

Mwamuzi akatazama mkono wake. "Saa nne? Sasa ni saa tisa na nusu, fundi."

"Humu ndani ziko saa nne! Kila kichakataji, yaani kila ubongo wa mashine, kina yake, na kila njia inasomwa na kichakataji chake. Iko saa moja ya vyote, pale kwenye ubao wa saketi, ila kuisoma kunachelewesha. Nilipoipanga mashine, nikachagua za haraka. Mimi mwenyewe."

"Haraka haraka..."

"Najua!"

Jasho lilimtiririka. Alilinganisha saa moja moja na ile ya ubaoni, akakosea kitufe, akaanza upya.

Nyuma yake watu walisengenya bila hata kunong'ona. "Si binti yake kakimbia leo? Damu nzito kuliko maji."

"Ndiyo, ni kwa ajili ya mwanangu," akawajibu bila kugeuka. Na kweli, moyoni hakuwa na jingine.

Binti mwenyewe alisimama mlangoni, jaketi kafunga zipu hadi kidevuni na jua lote lile. "Baba, yaache tu. Yameshapita. Twende nyumbani."

"Hayajapita, mama."

Saa ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Ya nne ilikuwa nyuma kwa sehemu tano za elfu. Akapima tena. Tano. Akapima tena. Tano.

"Basi wa njia ya nne alipunguziwa tano, naye alishinda kwa tatu tu. Aliyeshinda ni wa njia ya pili," mwamuzi akasema taratibu. "Una hakika? Nikishaandika, nimeandika."

"Andika."

Fundi akamwendea binti yake, akanyoosha mkono. Binti akashusha zipu, akaivua medali ya dhahabu shingoni, akaiweka kiganjani mwa baba yake.