Zamu ya Ushuhuda

"Nani mwingine ana ushuhuda?" mchungaji aliuliza.

Kazi ya kuwapelekea washuhudiaji kipaza sauti ilikuwa ya mzee wa kanisa, na hakuna aliyeijulia kama yeye, kwa lile tabasamu lake. Aliangaza macho huku na huku akitafuta mkono ulioinuliwa. Alipouona, tabasamu likamganda usoni.

Ulikuwa wa mkewe.

Mkewe! Mwanamke ambaye tangu waoane hajawahi kusema neno kanisani zaidi ya amina. Joto lilikuwa kali, kina mama wote wanajipepea, yeye peke yake kavaa gauni la mikono mirefu, vifungo vimebana hadi kwenye vifundo vya mikono.

"Mpelekee mama, mzee," mchungaji alihimiza, na watu wakacheka kwa upendo.

Alikwenda, miguu mizito kama ya mtu anayesindikiza jeneza. Alipomfikia, alikifunika kipaza sauti kwa kiganja na kumwinamia sikioni, meno bado nje.

"Mama watoto, yaliyopita si ndwele. Si nilikuomba msamaha jana? Ya nyumbani yaache nyumbani."

Mkewe alimtazama, kisha akakibandua kile kiganja, kidole kimoja kimoja, taratibu.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!" kanisa zima liliitikia.

Mzee akamsukumia kipaza sauti. Hakukipokea.

"Nishikie hapohapo, baba watoto," alisema, na spika zote zikayarudia maneno yake. "Hapa nahitaji mikono yote miwili."

Akaanza kufungua kifungo cha kwenye kifundo cha mkono.