Pua Iliyotaka Kimya

Kabla ya kunusa, Fundi Pua alitaka kimya.

"Hata kikohozi sitaki," alisema, na mafundi waliojazana mlangoni wakabana midomo. Mmoja alijibana na pua. Mzee akamkata jicho. Jina lake la utani alishalizoea, lakini leo watu walikuwa wamezidi: tangu asubuhi, kila alipopita walimpisha njia huku wameshika pua kwa vidole viwili.

Haikuwa siku ya mzaha. Kituoni pale umeme mkubwa ulipita ndani ya makasha ya chuma yaliyojazwa gesi ya kuuzuia usiruke. Cheche ndogo ikianza kuchokonoa ndani ya kasha, gesi huharibika kidogo kidogo na kunuka kama yai viza. Isipogundulika mapema, kasha hupasuka na nusu ya mji ikakosa umeme. Kwa miaka kumi na mmoja Fundi Pua ndiye aliyeyatambua makasha mabovu, na hakuwahi kukosea. Sasa umeletwa mtambo unaofyonza gesi kiduchu kwa mpira na kuonyesha namba. Meneja hakuzunguka mbuyu: mtambo ukimshinda, mzee atamalizia miaka yake miwili iliyobaki stoo, akipanga boliti.

Stoo! Tangu Jumatatu neno hilo lilikuwa limemkaa kooni.

Mwenye mtambo alikuwa injinia mgeni, binti mwenye adabu mpaka anaudhi. Asubuhi alimsaidia mzee kuvaa ovaroli, akamfunga na vifungo. Ila alikuwa na swali moja lisilomtoka mdomoni.

"Baba, haya makasha yamefungwa hata pumzi haitoki. Sasa wewe unanusa nini?"

"Mwanangu, wewe baki na mpira wako, mimi niachie pua yangu."

Mzee akaanza safu ya kwanza ya makasha. Kila kasha alilikumbatia, akalaza shavu kwenye chuma na kufumba macho, utadhani anambembeleza mjukuu. Kwenye la sita alikawia. Kisha akaandika kitu kwenye karatasi, akaikunja na kumkabidhi Meneja.

Injinia naye akaunganisha mpira wake kwenye kasha moja baada ya jingine, akiusafisha kila mara ili masalio ya kasha hili yasimdanganye kwenye lile. Ilimchukua saa tatu. Mtambo ulisoma sifuri, sifuri, sifuri, mpaka la sita. Hapo namba zikapanda.

Meneja akakunjua karatasi. Sita! Mafundi wakapiga mbinja.

"Tena leo hata mimi naisikia hiyo harufu!" Meneja alisema, kifua mbele. "Yai viza tupu! Unaisikia, mzee?"

Fundi Pua alisita kidogo.

"Kali sana," akajibu.

Injinia alimtazama, akatabasamu.

Meneja akaagiza kasha la sita lizimwe, kisha akasugua viganja. "Hapa mmetoka sare. Safu ya pili ndiyo itakayoamua. Lakini harufu imejaa ukumbi mzima, itamchanganya mzee wa watu. Leteni feni!"

Ikaletwa feni ya karakana, ndefu kama mtu mzima. Ilipowashwa, kofia mbili ziliruka na ukumbi wote ukanguruma.

Fundi Pua alilaza shavu kwenye kasha la kwanza. Akaenda la pili. Akarudi la kwanza. Jasho lilimtoka, na upepo wote ule.

"Hii feni izimwe," alisema.

"Nini?"

"Izimwe! Inapiga kelele!"

"Pua na kelele wapi na wapi?" Meneja akaangua kicheko, na mafundi wakampokea. "Nusa, mzee wangu, tukale!"

Mzee alilishika kasha kwa mikono miwili. Aliiona stoo, aliziona rafu zake na ndoo zake za boliti, na yeye katikati, na kalamu sikioni. Aliogopa kweli. Alifungua mdomo ajitetee, akaona kila neno atakalolisema litamfukia zaidi, akaufunga.

Injinia alikwenda ukutani bila kuomba ruhusa ya mtu, akazima feni.

"Mtambo wangu hautaki upepo," aliwaambia wote. "Na hata kikohozi hatutaki."

Ukumbi ukatulia. Akamsogelea mzee, akawapa wenzake mgongo, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli ya mzee na kutoa leso. Ndani ya leso mlikuwa na yai viza lenye ufa, alilomtumbukizia asubuhi alipokuwa akimfunga vifungo, na ambalo mzee hakulinusa kutwa nzima.

"Endelea, baba," alinong'ona. "Ila kuanzia kesho, na mimi unifundishe kusikiliza."