Bakuli la Upande wa Kushoto

Muuguzi alikuwa ameshavaa glavu, ameshika mpira wa kumlishia baba kupitia puani. Kwenye faili wameandika siku tatu mfululizo: koo liko sawa, amekataa kula.

Baba yangu hajawahi kukataa chakula tangu nimjue.

Nikatazama kimeza cha pembeni ya kitanda. Bakuli la uji lilikuwa kushoto kwake, limeota utando juu, kijiko kikavu.

"Nani anaweka chakula huku?"

"Mgawa chakula, dada. Huwa anaweka upande wa mlango."

"Daktari wa ubongo si alisema kiharusi kimemfutia upande wa kushoto? Kwamba hata mkono wake mwenyewe hauoni?"

"Alimwambia mtu wa mazoezi ya viungo."

"Na wewe?"

"Nilikuwepo, nilisikia. Lakini kugawa chakula si kazi yangu."

Watu watatu wanajua, kila mmoja na sare yake iliyopigwa pasi, na anayebeba bakuli hakuambiwa na yeyote.

Nililinyanyua lile bakuli, nikazunguka kitanda, nikaliweka kulia kwa baba.

Akashtuka, kana kwamba limedondoka kutoka darini. Akashika kijiko. Alikula utando na yote, uji ukimchuruzika kidevuni, mpaka kijiko kikakwaruza chini.

Kisha akanivuta karibu, akashusha sauti.

"Mwanangu, usiwagombeze," akasema. "Leo wamenikumbuka."